Mwalimu Benedicta na Redio Mgongoni

Vijana wanaopanda mlima wa Ipogolo kufanya mazoezi siku hizi wanakimbia kimya. Nawaona nikiwa barazani kwangu asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mto Ruaha Mdogo. Kila mmoja ana kidude chake mfukoni au amekifunga mkononi, na nyaya mbili zimeingia masikioni. Ukiwaamkia hawasikii. Wananipungia mkono na kupita, na wimbo wao unapita nao bila mtu mwingine kuujua. Siwalaumu. Ningekuwa na magoti yao, nami ningekimbia na muziki wangu. Lakini wakipita namkumbuka mtu wa kwanza niliyemwona akikimbia na muziki mwilini katika mji huu, na muziki wake uliwaamsha hadi madereva waliokuwa wamelala ndani ya malori.

Alikuwa Mwalimu Benedicta Kalinga.

Nilipangiwa kufundisha Ipogolo mwaka 1973, nikitokea chuo cha ualimu. Kwetu ni Usangu, mkoa wa Mbeya. Baba yangu, mzee Shigela, alihama na ng'ombe wake kutoka Usukumani nikiwa bado nabebwa, akaweka boma kwenye tambarare ile, nasi tukakulia juani na vumbini. Kwa hiyo baridi ya Iringa ilinikuta sina hata sweta. Nyumba za walimu zilikuwa zimejengwa mbili mbili zikitenganishwa na ukuta mmoja, na ukuta wenyewe ulikuwa mwembamba, jirani akikohoa unampa pole ukiwa kitandani kwako.

Jirani yangu ndiye huyo Benedicta. Asubuhi yangu ya kwanza, kabla jua halijatoka, aligonga dirisha. Nilipofungua akanisalimu salamu ya kwao, "Kamwene," kisha akaniambia nivae raba kwa sababu watoto walikuwa wanasubiri.

Walikuwa wanasubiri mchakamchaka. Nami nilisoma shule ambazo watoto walikimbia asubuhi, lakini kwetu lilikuwa jambo la fimbo na filimbi. Mwalimu anakuja nyuma kwa baiskeli, nanyi mnaburura miguu mpaka mrudi. Kwa Benedicta ilikuwa kama ngoma. Alisimama mbele ya mistari miwili ya watoto waliojikunyata, mikono kwapani, pumzi zikiwatoka kama mvuke wa vikombe vya uji. Akafunga khanga kiunoni juu ya gauni lake. Akaanza kurukaruka mahali pale pale, polepole, akisikiliza miguu yake mwenyewe. Halafu akafungua mdomo.

"Nani kaamka?"

"Tumeamka!"

"Jua liko wapi?"

"Nyuma yetu!"

Wimbo ule aliutunga mwenyewe, na kila wiki aliuongezea maneno. Sauti yake haikuwa nyembamba kama za wanawake wa kwaya. Ilikuwa sauti ya kifuani, pana, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni, na ilikuwa na tabia ya kufika mbali bila yeye kuonekana anapiga kelele. Tulitoka uwanjani, tukashika njia ya daraja, tukapita pale malori ya Zambia yalipokuwa yakilala. Madereva walitoa vichwa madirishani wakiwa wamejifunga mablanketi. Wengine waliitikia na watoto. Mmoja wa madereva hao, miaka kadhaa kabla sijafika, alikuwa ametoa kichwa hivyo hivyo, akauliza yule anayeimba ni nani, na baada ya mavuno akapeleka washenga kwao. Ndiye Kasian, mumewe.

Kasian alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye mikono mifupi ambayo ulishangaa ilivyozunguka usukani. Alikuwa akipeleka mizigo Tunduma na ng'ambo ya mpaka, na kila akirudi alikuwa na kitu cha kuonyesha. Mwaka 1975 alirudi na redio kaseti.

Watu wengi pale tulizijua redio. Lakini ile ilikuwa nyingine. Ilikuwa nyeusi, ndefu kama tofali la kuchoma, yenye mshikio wa kukunja na mkanda wa ngozi wa kuvaa begani. Ilikula mawe makubwa sita, yaani betri. Ilishika stesheni ya Dar es Salaam vizuri kuliko redio ya mwalimu mkuu, na zaidi ya hapo ilikuwa na mlango mdogo kifuani ambao ukiubonyeza unafunguka wenyewe, unaweka kanda. Na kulikuwa na kitufe chekundu. Ukikibonyeza pamoja na cha jirani yake, redio inaacha kusema, inaanza kusikiliza.

Tangu siku hiyo nyumba yao haikunyamaza. Jumamosi Benedicta alifua nguo za wiki nzima huku redio ikiwa juu ya jiwe, mbali na povu. Akienda shambani ilikwenda naye, imetundikwa kwenye mti wa mfyulisi. Alimenya viazi nayo, alisahihisha madaftari nayo. Jioni kipindi cha salamu kilipoanza, akina mama wa jirani walikuja na vigoda vyao bila kualikwa, tukawa tunasikiliza watu tusiowajua wakiwasalimu watu tusiowajua, na tukifurahi kana kwamba tumetajwa sisi. Bendi ikipiga, Benedicta alisimama na kucheza na binti yake mdogo, Lusia, uani, miguu peku, mpaka moto wa jikoni ukazimika na wali ukabaki kiini. Nikifumba macho leo ndiyo Ipogolo ninayoiona: ua uliofagiliwa, bati linalowaka jua la mwisho, mawe ya redio yaliyokwisha nguvu yamepangwa juu ya bati ili yaote jua, yapate kusukuma jioni moja zaidi.

Uvimbe shingoni mwake nilikuwa nimeuona tangu mwanzo. Haukunishangaza; milimani kule wanawake wengi walikuwa na rovu, na walilivaa kama mtu anavyovaa mkufu, bila kulifikiria. Lakini la Benedicta lilikuwa linakua. Mwaka uliofuata alianza kufunga kitambaa shingoni. Kisha nikagundua, tukikimbia, kwamba anaimba sentensi fupi fupi. Tukifika daraja anasimama, anajifanya anafunga kamba za raba. Usiku, kupitia ukuta ule, nilimsikia akivuta pumzi kwa mluzi.

Kasian alimpakia kwenye lori, akampeleka hospitali ya misheni upande wa Mbeya. Waliporudi Benedicta aliteremka, akanisalimu, akaingia jikoni kupika kama kawaida. Nilidhani ni habari njema. Ni Kasian aliyeniambia, akiwa ameinama chini ya lori akijidai anakagua springi. Tezi lilikuwa linabana koo na lilikuwa lazima litolewe. Daktari alikuwa amewaeleza bila kuwaficha kwamba mshipa wa fahamu unaoendesha sauti unapita nyuma yake hapo hapo, na kwa tezi kubwa kama lile hakuweza kuwaahidi kitu. Uhai, ndiyo. Sauti, hakujua.

"Na dada Beni je?" nilimuuliza Kasian. "Alisema nini yeye?"

"Alimuuliza daktari kama ataweza kukimbia," Kasian akasema.

Asubuhi ya mwisho kabla ya safari ya upasuaji, nilitoka nje nikamkuta Kasian amevaa kaptula. Sikuwahi kumwona na kaptula. Alikuwa ameipachika redio kaseti begani kwa ule mkanda, ameshika mshikio kwa mkono wa pili ili isicheze. Watoto walikuwa wanaziba midomo wasicheke. Benedicta naye alimwangalia kwa muda, akatikisa kichwa, akafungua kitambaa cha shingoni, akakitia mfukoni. Hakutaka kuimba akiwa amejificha.

Kasian akabonyeza kile kitufe chekundu na cha jirani yake.

Sijui niseme aliimba namna gani. Pumzi haikumtosha, lakini aliimba. Alichukua kila wimbo aliowahi kututungia, akaupitisha, akaingia mwingine bila kupumzika. Watoto walijua, maana watoto hujua, na waliitikia mpaka mishipa ikawatoka. Kasian alikimbia ubavuni mwake. Mtu yule tangu apate leseni nadhani hakuwa amekimbia hata kukwepa mvua. Kabla ya daraja alikuwa anahema kama ng'ombe anayepanda kilima akivuta plau, jasho linamtiririka, lakini redio ameiinua hadi usawa wa kidevu cha mke wake wala haikushuka. Tulipofika kwenye malori dereva mmoja alipiga honi ndefu. Tulirudi uwanjani, Kasian akalala chali kwenye nyasi zenye umande na redio tumboni, na kanda ikaendelea kuzunguka mpaka ikafika mwisho na kitufe kikaruka chenyewe.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Tezi lilitoka, pumzi ikafunguka, na sauti ikaondoka. Aliporudi alikuwa na kovu jembamba chini ya shingo, na alizungumza kwa mnong'ono wenye upepo mwingi, kama mtu anayepuliza moto. Walisema tungoje, labda itarudi. Tulingoja. Haikurudi.

Mwalimu mkuu wetu, Filemoni, alikuwa mtu wa haki. Hakumwondoa darasani; alimpa darasa la kwanza, chumba kidogo, watoto wachache wanaoweza kukaa karibu na meza. Mchakamchaka akampa Mwalimu Marcelino, aliyekuwa na kifua na filimbi. Watoto wakakimbia, lakini kwa namna ile niliyoijua mimi utotoni. Benedicta alibaki darasani wakati huo, akipanga chaki. Nyumbani hakuifungua redio kabisa, hata kipindi cha salamu. Aliifunika kitambaa alichofuma mwenyewe, akaweka juu yake sanamu ya Bikira Maria, kana kwamba kile ni kijimeza. Akina mama walikuja na vigoda vyao mara moja, mara mbili, wakaacha. Upande wangu wa ukuta nilizoea kusikia maisha yao yote; sasa nikawa nasikia ufagio tu. Lusia naye, aliyekuwa anapenda kupiga kelele, alianza kunong'ona kama mama yake.

Nilimpelekea maziwa mgando yaliyotoka kwetu Usangu, tukanywa, nikarudi kwangu.

Hospitali walikuwa wamemwambia atembee, arudishe nguvu polepole. Alitembea jioni, baada ya shule, kufuata mto, peke yake. Siku moja alasiri nilikuwa napepeta mchele uani, nikasikia sauti yake. Siyo mnong'ono. Sauti yake ile, ya kifuani, yenye mkwaruzo mwishoni. "Nani kaamka?" Nikaacha ungo, nikatoka mbio kuzunguka nyumba, nikamkuta amekaa kizingitini, redio magotini, sanamu ya Bikira Maria imewekwa vizuri dirishani. Alikuwa anasikiliza. Uso ulikuwa umelowa lakini hakuwa analia kwa huzuni tu. Alikuwa pia anatabasamu, na akaniashiria nikae.

"Msikie Baba Lusia," akaninong'oneza.

Nikasikiliza. Chini ya sauti yake na ya watoto, chini ya vishindo vya miguu, kulikuwa na Kasian, anahema, anakohoa, na mahali fulani karibu na daraja anasema kwa shida, "Mungu wangu, Beni, bado?" Tulicheka mpaka tukashikana.

Kesho yake jioni alifunga redio mgongoni kwa khanga, kama anavyofungwa mtoto, fundo kifuani, spika ikiangalia nje. Akabonyeza, akaanza kutembea. Kufika kwenye mikaratusi akawa anakimbia. Mimi nilikuwa nyuma yake, kwa kuona aibu kumwacha aende peke yake na kwa kuona aibu kuonekana naye. Wauza mahindi ya kuchoma kando ya barabara walisimama. Mama mmoja akauliza mwalimu amepatwa na nini, mbona kabeba redio kama mtoto mchanga. Benedicta hakuwa na sauti ya kumjibu, na hakumjibu. Kila hatua aliyopiga ilitikisa kanda, na ile sauti mgongoni ikawa inatetemeka kidogo, kama ya mtu anayeimba akikimbia kweli.

Akawa anafanya hivyo kila jioni. Kisha asubuhi moja aliufungua mlango wake mapema, redio mgongoni, akapita kando ya uwanja ambako Mwalimu Marcelino alikuwa amewapanga watoto. Hakuwaangalia. Alipita tu, akielekea darajani. Sauti ikasema, "Jua liko wapi?" Na mistari miwili ya watoto, bila kuambiwa na mtu, ikajibu. Wale wa mbele wakageuka kumfuata. Marcelino alitia filimbi mdomoni, akaitoa, akaitia mfukoni, naye akafuata.

Hapakukosa maneno. Yalikuwa mambo ya wakati ule: tulifundishwa kujitegemea, na kuna waliosema kwamba shule ya Ipogolo inaongozwa na mashine ya kigeni. Mwalimu Filemoni alimwita ofisini. Nilikuwepo, nikichukua chaki. Alimwambia kwa upole kwamba watoto wanapaswa kumwitikia mtu, si chombo, na kwamba akiulizwa na wakubwa hatakuwa na jibu.

Benedicta aliisogelea meza ili asikike. "Sauti ni yangu, mwalimu," akanong'ona. "Na miguu ni yangu. Chombo kimenishikia tu."

Filemoni alichezea kalamu. Mwishowe akasema aendelee, ila Ijumaa watoto waimbe wenyewe bila redio, ili siku yeyote akiuliza apate la kumwambia. Basi ikawa hivyo.

Miaka ile miwili, ya 1977 na 1978, ndiyo ninayoitamani nikiwa macho usingizi umekataa. Wanafunzi waliongezeka, madarasa yakafurika, vitabu vikawa vichache, lakini asubuhi ilikuwa yetu. Mawe ya redio yalipoanza kuadimika madukani, watoto walileta ya nyumbani kwao yaliyotupwa, tukayaanika juani juu ya bati, tukaonja kwa ncha ya ulimi kujua lenye nguvu. Kanda ikilegea tuliizungusha kwa kalamu ya wino. Madereva waliokuwa wanalala Ipogolo waliijua honi ile ndefu ndani ya kanda, na kila asubuhi mmoja wao aliijibu kwa honi yake. Benedicta alinenepa kidogo, akawa mwepesi, mashavu yakarudi. Alikuwa anatupita sote kwenye kilima. Nami mtu wa tambarare nilizoea baridi mpaka nikaanza kuipenda.

Kisha vita vya Kagera vikaanza. Malori yalihitajika kupeleka vitu kaskazini, na lori la Kasian lilikuwa miongoni mwa yaliyochukuliwa, na dereva wake. Aliondoka mchana, kwa haraka, amevaa koti la mvua lisilo lake. Alimbeba Lusia, akambusu, akamkabidhi mama yake, akapanda. Watoto wa shule walijipanga barabarani wakamwimbia.

Asubuhi iliyofuata Benedicta alikuja uwanjani bila redio. Alisimama mbele ya watoto, akawaashiria waimbe wenyewe. Nilidhani mawe yameisha. Siku iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na wiki iliyofuata. Nilipomuuliza aliniambia kwamba kanda imechakaa. Kila inapopita inaacha kitu kidogo. Ile sauti ya watoto nyuma ilikuwa imeanza kufifia, kama nguo inayofuliwa sana. Sauti yake mwenyewe alikuwa tayari kuimaliza. Lakini pumzi za Kasian zilikuwa humo, na hakujua kama kuna nyingine zitakazorudi.

Hakuna habari iliyokuja. Tulisikiliza taarifa za vita kwa redio ile ile, akina mama wote na vigoda vyao, safari hii hakuna aliyecheza. Majina ya mahali tusipopajua yalitajwa, tukajaribu kuyapangia lori moja la bluu na mtu mnene ndani yake. Taarifa ikiisha Benedicta alizima mara moja ili isile mawe, akaifunika. Kanda aliiweka kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo akaliweka ndani ya sanduku la nguo. Alikimbia kila asubuhi. Sijui alikuwa anasikiliza nini.

Kasian alirudi katikati ya mwaka 1979, wakati wa baridi kali, mahindi yakiwa yameshavunwa. Aliteremka kwenye lori la mtu mwingine pale darajani. Alikuwa amekonda mpaka nilimwamkia kama mgeni. Shati lilikuwa linamning'inia na nywele za kandoni zilikuwa nyeupe. Ilikuwa saa ya mchakamchaka. Watoto walikuwa wanakuja kwa wimbo wao, Benedicta mbele, na alipomwona hakusimama. Alikuja moja kwa moja kwa mwendo ule ule mpaka akamgonga kifuani, na wote wawili wakakaa chini barabarani. Watoto walisimama wakiwazunguka. Mimi niliwageuza, nikawarudisha shule, nikiimba kwa sauti yangu mbaya.

Jioni yake nilikuwa kwao. Kasian alikula kidogo, akawa anaangalia mikono yake. Halafu akauliza kwa nini hakuisikia redio asubuhi ile. Alikuwa ameamka mapema ndani ya lori ili aisikie kutoka mbali.

Benedicta alikwenda sandukuni, akaleta kopo, akamwonyesha.

"Niliogopa kukumaliza," akanong'ona.

Kasian aliishika kanda ile, akaigeuza geuza mkononi. Mabega yake yakaanza kutikisika, na mwanzoni sikujua kama anacheka. "Mama Lusia," alisema alipoweza, "huko nilikotoka nimewaacha watu ambao hakuna aliyewawekea hata kikohozi. Nipo. Ipige mpaka ikatike."

Tukaipiga. Kila asubuhi, mgongoni, kwenye khanga. Kasian, kwa kuwa alikuwa amekonda, alijaribu kukimbia nasi, akaweza kufika daraja na kurudi. Kanda ilikatika mara ya kwanza mwezi wa Agosti. Tuliiunganisha kwa rangi ya kucha niliyoomba kwa mke wa bwana shamba. Ilikatika mara ya pili. Mara ya tatu redio iliitafuna kabisa, ikaichomoa nje kama utumbo wa kuku, palepale kwenye mikaratusi. Benedicta alisimama, akafungua khanga, akaikunjua ile mikunjo kwa vidole, akaona haifai. Watoto walikuwa wanamwangalia usoni kuona watafanya nini. Yeye aliifunga redio tena mgongoni, akaendelea kurukaruka, akapiga makofi. Wakaimba. Wimbo wote waliujua, pamoja na mahali pa honi, na msichana mmoja mtundu wa darasa la sita alipofika darajani akahema kwa sauti nzito na kusema, "Mungu wangu, Beni, bado?" Sijawahi kumwona mwalimu anacheka vile bila sauti.

Mwisho wa mwaka huo walihama. Kasian hakutaka tena barabara ndefu. Alipata kazi ya kusomba magogo upande wa Mafinga, na baadaye akahamia Mgololo, ambako kiwanda kikubwa cha karatasi kilikuja kujengwa. Benedicta alipata shule huko huko. Waliondoka na mbuzi wawili, vitanda, sanduku, na Lusia amekaa juu ya magunia akiwa amekumbatia redio. Mimi nilibaki na mchakamchaka. Sikuwa na sauti, Mwalimu Filemoni alijua, watoto walijua. Nilichukua nyimbo za kuchungia ng'ombe za kwetu, nikazigeuza maneno, na watoto wa Kihehe wakajifunza kuitikia Kisukuma bila kujua wanasema nini.

Kasian alifariki mwaka 2004, kitandani kwake, baada ya kumaliza chai. Nilikwenda kumzika. Lusia ni muuguzi Mbeya na ana watoto wakubwa. Benedicta yupo Mgololo, ana shamba la mahindi na miti kidogo, na kila Jumapili baada ya misa ananipigia simu. Sauti yake ni ile ile ya upepo. Masikio yangu nayo yamezeeka, kwa hiyo naingia chumbani, nafunga mlango na dirisha, nawaambia wajukuu wazime runinga, nabana simu sikioni kwa mikono miwili. Jumapili iliyopita aliniuliza kama mvua zimefika Ipogolo. Nikamwambia bado. Akasema kwao zimeanza, na kwamba amepanda maharage.